Sahani Iliyofunikwa

Shusheni mizigo. Wewe wa mwisho, mwenye debe la mtama, ingia ndani usikae juani. Mashine nimeizima na sitaiwasha mpaka nipate jibu la jambo moja linalonikera tangu nihamie mji huu. Mnaniita Bi Mashine, na mkifika kona ile mnasema nina hasira. Ninazo kweli. Basi leo mtajua zilikotoka.

Sianzi na paukwa, maana paukwa huanzia watu waliokwisha kuoza, na hawa wangu wako hai wote wanne. Majina yao nimeyageuza. Mji nao msiutafute, ni mji wa reli na mkonge, na miji ya namna hiyo ipo tele. Huko nilikuwa na mashine hii hii. Ukuta wa pili palikuwa na ghala la katani lililoachwa, na ndani ya ghala hilo vijana wanne walikuwa na bendi yao ya muziki. Bendi iliitwa Kutu. Siku ya kwanza niliwauliza, mtu anayeita bendi yake Kutu anategemea nini? Wakacheka. Siku zile walikuwa wakicheka sana.

Muziki wao ulinichosha masikio, mimi mtu wa taarabu. Ulikuwa roki, lakini si ile ya kurukaruka na kutikisa nywele. Ulikuja baada ya ile, muziki wa watoto waliozima fujo wakabaki na uchungu wake. Gitaa la besi lilitembea mbele, gitaa la pili likikwaruza nyuma, drams kavu, na mwimbaji haimbi sawasawa bali anasema, kama mtu aliyedanganywa akachoka hata kulia. Kaseti za muziki huo zililetwa na mjomba wa mmoja wao aliyesomea Ujerumani. Walizisikiliza mpaka zikakatika, kisha wakaanza kutengeneza za kwao.

Sasa wajueni hawa wanne, mmoja mmoja.

Gaudensia alipiga besi, na kipaji chake kilikuwa maneno. Ukimsimulia habari ya mbuzi wako aliyepotea, kesho anakurudishia wimbo unaokufanya umfikirie mumeo.

Mikidadi alipiga drams, na kipaji chake kilikuwa kusikia mapema. Siku moja alipita pale mlangoni kwangu nikiwa nasaga, akasema, “Bi Mashine, zima.” Nikamwambia aende zake. Akasema, “Zima, mama, mkanda unakatika.” Nikazima kwa hasira tu, ili nimwoneshe ujinga wake. Mkanda ulikuwa umebaki uzi mmoja.

Leodgar alipiga gitaa, na kipaji chake kilikuwa mikono. Alikuwa fundi redio. Misheni walitupa rekoda kubwa, ile ya magurudumu mawili ya utepe, yenye njia moja ya sauti ya mtu na njia nyingine ya vyombo. Akaiokota, akaifungua juu ya gunia, akaitengeneza kwa springi ya mwavuli na kipande cha ndala. Ikasema.

Na Akilimali aliimba. Kipaji chake sina haja ya kukieleza, mmeshakisikia redioni.

Kabla hawajarekodi albamu ya kwanza waligombana. Huyu anasema wimbo ni wangu, yule anasema bila gitaa langu hakuna wimbo. Gaudensia akachukua mkaa akaandika ukutani kwa herufi kubwa: KINACHOINGIA HUMU NI CHA WOTE. Kila mmoja akaweka kiganja chenye mkaa chini ya maneno hayo. Ugomvi ukaisha. Kwenye kaseti hawakuandika jina la mtu yeyote, waliandika Kutu peke yake, na kaseti ile ikapanda treni ikafika mpaka Mwanza. Utepe wenyewe, ule mama wa kaseti zote, wakauweka kwenye kopo la biskuti.

Likumbukeni kopo hilo, na ukuta ule mkaukumbuke zaidi.

Halafu watu wakaanza kuuliza ya pili iko wapi. Hapo ndipo mwanamuziki hupimwa. Albamu ya kwanza inaimba yale uliyokaa nayo tangu utoto. Ya pili inakukuta huna kitu. Miezi minane waliingia ghalani wakatoka kimya, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuzikosa kelele zao.

Mwezi wa tisa Gaudensia akaleta daftari, na ndani ya daftari mlikuwa na mama yake.

Baba yake Gaudensia alikuwa mtu wa reli. Alikwenda zamu Tabora akasema atarudi Alhamisi, na Alhamisi hiyo haijafika mpaka leo. Mama hakulia mbele za watu. Alisema mume wangu amehamishwa, anawasalimu. Jirani zake tuliitikia salamu hizo miaka kumi na mmoja. Lakini kila jioni, ndani kwake, mama yule alipakua sahani ya mumewe, akaifunika kwa kawa, akaiweka mezani. Asubuhi akawapa kuku. Akiifunika husema neno moja tu: “Kikipoa, shauri yake.” Mtu aliyelijua jambo hilo ni binti yake peke yake, na binti akaandika nyimbo tisa.

Niliwasikia siku alipowasomea. Mashine ilikuwa imepoa, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mabati. Alipomaliza, Akilimali alikuwa analia kwa sauti. Akasema, “Gau, hii nitaiimba mpaka nife.” Hakudanganya. Sema hakutuambia ataiimbia wapi.

Albamu ikapewa jina, Sahani Iliyofunikwa. Wakafanya mazoezi kila mchana, mimi nikisaga huku, wao wakigonga kule. Walipanga kuanza kurekodi Jumatatu.

Jumatatu Akilimali hakuja. Jumanne Leodgar alimfuata kwao, akamkuta baba mtu anakata kucha kibarazani, akamwambia, “Kwani hakuwaaga? Amepanda treni na begi, na daftari fulani la shule.” Lile lilikuwa daftari la Gaudensia.

Jamani, kuachwa si kitu kipya. Lakini aliyekuacha akaondoka na nguo yako ya ndani akaenda kuitandaza sokoni, huyo utamwita nani? Mwezi mmoja na siku kadhaa baadaye nilikuwa nasaga, redio yangu iko juu ya rafu pale, foleni kama hii yenu. Ukaja wimbo. Vinanda vya kumeta, kibwagizo cha kuchezea, na sauti ile ninayoijua ikisema, “Kikipoa, shauri yake.” Ndiyo, huo huo. Nyie nyote mnaujua, mmeucheza harusini, na wewe shangazi unayeinamisha uso nilikuona kwenye ngoma ya Jumamosi. Mtangazaji akamuuliza, wimbo huu umeutoa wapi? Akajibu, “Ni mama yangu mzazi, alimsubiri baba miaka kumi na mmoja.”

Mama yake ninamjua. Baba yake ndiye huyo aliyekuwa anakata kucha. Wanagombana kutwa na wanakula sahani moja!

Gaudensia alikuwa pale kwangu, amekuja kunisaidia kushona gunia. Na kwenye foleni, watu watatu kutoka mlangoni, alikuwa amesimama mama yake na debe la mahindi kichwani. Nikaona uso wake. Hakupiga kelele. Alitoka kwenye mstari, akaja karibu, akamwambia binti yake taratibu, mimi peke yangu nikasikia:

“Nani kampa huyu maneno yangu?”

Gaudensia akashona gunia. Sindano ilikuwa inaingia na kutoka. Mama akalipandisha debe lake vizuri, akaondoka na mahindi yake mazima. Kesho yake Gaudensia aliniambia kwamba jioni ile mama alipakua sahani mbili, yake na ya binti. Ya tatu hakuipakua. Miaka kumi na mmoja mwanaume aliyekimbia hakuweza kumwondolea mama yule subira yake, wimbo wa dakika nne ukaiondoa.

Nilidhani bendi imekufa. Haikufa, na hapa ndipo mtanziko wangu unapoanza. Sikilizeni watatu waliobaki walifanya nini, maana kila mmoja alifanya jambo ambalo bila hilo hakuna albamu.

Gaudensia aliwaita wenzake akasema, “Nyimbo zetu tutazimaliza.” Daftari hakuwa nalo. Akakaa kwenye sakafu ya ghala akaziandika upya zote tisa kwa kichwa, bila kukosa nukta. Kisha akaichukua besi, akamwambia Mikidadi ahesabu, wakazirekodi zote kwa alasiri mbili, bila mwimbaji, yeye akichezesha midomo tu ili ajue pa kugeukia. Nilisimamisha mashine siku hizo mbili kwa hiari yangu. Ukiisikiliza besi ile unajua kwamba nyimbo zimeshasimama, zinangoja mtu wa kuzisema. Bila Gaudensia hakuna neno wala uti wa mgongo.

Lakini yeye mwenyewe hakuweza kuziimba. Alijaribu. Kila akifika kwenye “kikipoa” anaishia hapo.

Mikidadi akatoka nje. Akarudi na kaseti, akaiweka juu ya drams. Akasema, “Sauti ipo.” Wakaiweka kwenye rekoda yake ndogo, na Akilimali akaanza kuimba ndani ya ghala, wimbo wa kwanza kati ya zote tisa zilizokuwamo, sauti ya mazoezi, mbichi, inayoyumba kidogo, lakini nzuri kuliko ile ya redioni mara kumi. Leodgar alipiga makofi. Gaudensia hakupiga.

“Ulirekodi lini?”

“Wiki mbili kabla hajaondoka.”

“Sisi hatukuwa na desturi ya kurekodi mazoezi, Miki. Kwa nini ulirekodi?”

Mikidadi akaanza kuzunguka kwa maneno. Akasema, “Gau, wewe unajua mimi Mkaguru na yeye Mnyamwezi, watani tangu misafara ya mababu. Siku moja aliniambia, mtani, nawaachia kutu yenu, mimi naenda kuwa dhahabu. Nikacheka, nikamwambia dhahabu gani na meno hayo. Nilidhani ni utani.”

“Kama ulidhani ni utani, kaseti uliiweka ya nini?”

Hapo utani ukamwishia. Maana mtani anaruhusiwa kukutukana, anaruhusiwa hata kulala kaburini mwa baba yako mpaka apewe chochote, na wewe hukasiriki. Utani unafunika mengi. Lakini Mikidadi ni yule yule aliyeusikia mkanda wangu kabla haujakatika. Alisikia. Alijua kwamba rafiki yake anaondoka, akakaa na jambo hilo wiki mbili, akipiga drams, akila nao mihogo, akimtazama Gaudensia usoni.

Mwishowe akasema, “Ningewaambia mngemfukuza siku ile ile, na sauti isingekuwepo.”

“Na daftari langu lingekuwepo,” Gaudensia akasema.

Wote wawili walisema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi.

Basi Leodgar akaichukua kaseti ile aiunganishe na vyombo, akakuta balaa. Sauti ilikuwa inapanda juu kama ya mtoto, mara inashuka. Akahangaika siku tatu. Ya nne akaingia kwangu akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniuliza, “Bi Mashine, siku zile za mazoezi ulikuwa unasaga?” Nikamwambia sasa nilikuwa nacheza bao? Akapiga paja lake. Kumbe umeme wa ghala na wa mashine ulikuwa mmoja. Nikisaga, rekoda ndogo ya Mikidadi ililegea mwendo, na ile kubwa yenye mota nzito haikujali. Kwa hiyo sauti ile ilinaswa kwa mwendo wa mashine yangu, na ingesikika sawasawa tu mashine ikiwa inasaga vile vile.

“Wimbo wa nne ulikuwa Jumatano,” akaniambia. “Jumatano ulisaga nini?”

“Mahindi makavu.”

“Basi washa, mama. Tia mahindi makavu, na usiyajaze.”

Wiki tatu nilisaga kwa ajili ya wimbo. Mtama kwa wimbo wa pili, muhogo mkavu kwa wa saba. Yeye kule anaunganisha neno kwa neno, anageuza, anarudia, anapenyeza gitaa lake mahali sauti ilipoyumba. Watu wa foleni walidhani tumerogwa. Mwishowe sauti na besi vikakaa pamoja kama vile vilizaliwa siku moja. Bila mikono ya Leodgar kingebaki kikapu cha vipande. Mimi sidai sifa, ingawa ukitega sikio vizuri kwenye wimbo wa saba utanisikia.

Wakaja kusikiliza, wote watatu, na mimi nikaitwa. Gaudensia akautazama utepe unaozunguka. Ulikuwa unaacha unga wa kahawia kwenye vyuma.

“Leodgar, utepe huu tuliorekodia uliupata wapi? Mjini kote hakuna.”

Leodgar akafungua kopo la biskuti. Lilikuwa tupu.

Albamu ya kwanza ndiyo aliyoifuta. Ile iliyofika Mwanza, ile iliyowekewa viganja vinne ukutani. Mama wa kaseti zote. Hakumuuliza mtu. Alisema, “Ningewauliza mngekataa, halafu hii ya pili ingefia mikononi mwangu.” Mnaona? Ni maneno ya Mikidadi yale yale katika mdomo mwingine. Mikidadi akamrukia kwa matusi, kisha akakumbuka kwamba yeye hana mdomo wa kumtukania mtu, akakaa chini.

Na bado. Wimbo wa sita, unaoitwa Kawa, ukafika katikati, na Akilimali akaacha kuimba. Ilikuwa mazoezi, alisahau. Kwenye utepe unamsikia anauliza, “Gau, mama yako husema nini tena akifunika?” Na sauti ya Gaudensia, kwa mbali, inacheka kidogo na kujibu, “Kikipoa, shauri yake.” Anasema, “Ehee,” anaendelea.

Leodgar alikuwa ameliacha swali hilo hapo hapo. Ushahidi ulikuwa pale. Mwizi mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, anauliza mwenye mali jina la mali. Yeyote atakayeisikia atajua wimbo wa redioni ni wa nani. Na yeyote atakayeisikia atajua pia ni mama wa nani aliyekuwa akimfunikia chakula mtu aliyemtoroka, huku akitupa salamu zake za uongo.

Leodgar akasema utepe umechakaa, ulishachoka tangu albamu ya kwanza, na sasa unamwaga unga wake. Utapita kwenye rekoda mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo ya kunakili kaseti za kuuza, na baada ya hapo ni taka. Kuna kitufe kimoja cha kuzungusha, kinachofungua au kuzima njia ya sauti. Lazima mtu mmoja akishike.

Gaudensia akasema, “Nakishika mimi. Nazima sauti yake tangu mwanzo mpaka mwisho, naimba mwenyewe papo hapo, nikikwama nikwame. Mama yangu asitajwe.”

Mikidadi akasema, “Nakishika mimi, na naiacha kama ilivyo. Ukizima, uongo wake ndio utakuwa ukweli wa nchi nzima. Mama yako ataimbwa maisha yake yote kama mama wa mtu mwingine.”

Leodgar akasema, “Nakishika mimi. Nazima, na asiimbe mtu. Watu wasikie pengo. Sahani ipo, mlaji hayupo. Albamu inasema hivyo.”

Nikajitia werevu, nikasema si mpunguze hapo kwenye swali tu? Gaudensia akanigeukia. “Kwa hiyo yeye aimbe, na ushahidi tumfutie sisi?”

Habari zina miguu. Akilimali akaja, mchana kweupe, na viatu vyenye ncha. Akaniletea kanga. Nimeitumia kufutia grisi. Akaingia ghalani akasimama mbele ya Gaudensia, na kabla hajasalimiwa akasema, “Nimesikia mna sauti yangu. Ifuteni. Sikuwapa.”

Gaudensia akanyoosha kidole ukutani. “Kinachoingia humu ni cha wote.”

Akilimali akautazama ukuta. Kiganja chake kilikuwa bado pale, cha pili kutoka kushoto. Akasema, “Sawa. Basi na maneno yaliingia humu, Gau. Sheria uliiandika wewe, mkaa ulikuwa mkononi mwako. Mimi nilichukua cha wote.”

“Ulisema ni mama yako.”

“Ningesema wa nani? Wako?” Sauti ikamshuka. “Nilichoka kuimbia magunia. Nilikuwa naoza hapa na sauti yangu. Mlikuwa mnaniona?”

Mikidadi, mtani wake, ndiye aliyemjibu. “Mimi nilikuwa nakuona. Ndiyo maana siwezi kukutazama.”

Akaondoka na treni ya saa kumi. Hakuna aliyemsindikiza, na nasema wazi kwamba niliona huruma na nikajichukia kwa kuiona.

Baada ya hapo hakuna aliyemwamini mwenzake kukaa na utepe hata siku moja. Wakaniletea mimi. Wakasema, “Bi Mashine, wewe amua nani ashike kitufe. Utakayemtaja, wawili wengine hatutasema neno.”

Nikafanya ujanja. Nikaona, kwa nini nibebe mzigo wakati mwenye sahani yupo? Nikaenda mpaka nyumbani kwa mama yake Gaudensia. Nikamkuta anachambua mchele. Nikamweleza yote, kitufe, utepe, swali lililonaswa. Nikamwambia, sema wewe, mama, ifunuliwe au ifunikwe?

Hakuacha kuchambua. Akatoa chuya mbili, akatoa jiwe, ndipo akasema:

“Mlipoifunua hamkuniuliza. Msiniulize mnapotaka kuifunika.”

Nikarudi na njia yangu. Na ninyi msinitazame hivyo, najua kwamba hata leo nimeifunua tena, mbele ya watu wenye foleni.

Utepe ninao, nilihama nao. Uko kwenye lile debe la juu, nimeufunga kwa nailoni, na kila nikiufungulia kuutazama vidole vinabaki na unga wa kahawia. Fundi mmoja wa hapa ameniambia hautavuka masika. Watatu wale wananiandikia barua, kila mmoja yake, na kila barua inauliza swali lile lile.

Sasa mimi nawauliza ninyi mliousikia wimbo ule mkaucheza. Yuko Gaudensia, aliyetoa maneno ya albamu, na maneno hayo aliyatoa kwenye meza ya mama yake bila ruhusa. Yuko Mikidadi, aliyeiokoa sauti, na aliiokoa kwa kunyamaza alipopaswa kusema. Yuko Leodgar, aliyeipa albamu mwili, na mwili huo aliukata kwenye albamu ya kwanza. Mmoja akikosekana, ya pili haipo. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hapa nguo yenyewe iliyotufunika ndiyo iliyotula.

Nani akishike kitufe kile? Je, wewe ungeamua vipi? Anza wewe mwenye mtama, na usinijibu kwa kunitazama machoni ukidhani nitakuonesha pa kwenda. Mimi mwenyewe sijui. Mawingu yale ya masika juu ya mlima mnayaona, na mashine haiwaki.